Seli ya masti iliamshwa na nini? Swali linalokosekana dirishani

Ingia duka la dawa lolote Arusha mjini, kuanzia Kilombero mpaka Sakina, simama pembeni usikilize. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Naomba zile za aleji." "Vipele au mafua?" "Vipele, vimenitoka tangu jana." Piritoni kumi zinakatwa, hela inatolewa, foleni inasogea. Hakuna aliyekosea hapo. Muuzaji ameuliza, mama amejibu, na huenda ikifika jioni mwasho ukawa umetulia. Ila swali lenyewe ni dogo mno. "Vipele au mafua" ni kuuliza tatizo limetokea wapi. Swali la maana zaidi ni kitu gani kimeiamsha seli iliyoleta mwasho huo, na kimeiamsha kwa njia ipi. Njia hizo ni zaidi ya moja, kwa macho zinafanana, na kila moja ina hukumu yake: mgonjwa mmoja asiguse tena dawa fulani maisha yake yote, mwingine apewe dawa ileile ila polepole, wa tatu aache kujinyima mayai, na wa nne achomwe adrenalini kabla hujamaliza kuuliza.

Seli inayozungumzwa ni seli ya masti. Paul Ehrlich, Mjerumani aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, aliieleza mwaka 1878 baada ya kuona rangi za kiwandani zikigeuka zambarau ndani ya seli fulani zilizojaa punje. Punje zile zimebeba nini, dunia ilisubiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale James Riley na Geoffrey West walipoonyesha kwamba ndimo ilimo sehemu kubwa ya histamini ya mwili. Seli hizi hazizungukizunguki kwenye damu kama wenzao weupe. Huzaliwa kwenye uboho, husafiri zikiwa changa, kisha huenda kukomaa pale mwili unapopakana na dunia: chini ya ngozi, kwenye utando wa pua na njia za hewa, kwenye ukuta wa utumbo, jirani kabisa na mishipa midogo ya damu na ncha za neva. Mahali zinapokaa panaeleza nusu ya kazi yao.

Ukitaka kuiona kazi hiyo bila hadubini, chukua kalamu ya kawaida, igeuze upande butu, kandamiza na kuchora mstari mmoja upande wa ndani wa mkono. Vitabu vitakuambia utaona mstari mwekundu, halafu wekundu mpana zaidi pembeni, halafu mwinuko. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Subiri dakika chache, halafu pitisha kidole juu ya mstari. Kwa watu wengi hautahisi kitu. Kwa wachache mstari utakuwa umeinuka kama kamba iliyolala chini ya ngozi, unang'aa kidogo na unawasha, na unaweza kuandika jina lako mkononi likasomeka kwa nusu saa. Hao seli zao za masti huamka kwa kukandamizwa tu. Hawajala kitu, hawajachomwa sindano, hawana cha kuulizwa kuhusu samaki.

Kilichotokea chini ya ule mstari ni histamini kumwagika. Inapanua mishipa midogo ya damu na kuachanisha seli za ukuta wake, maji ya damu yanavuja kwenda kwenye nyama iliyo jirani, ndipo uvimbe unapotoka. Inagusa ncha za neva, ndipo mwasho. Mtu anaweza kuuliza mwili unapata faida gani kwa kujivujisha hivyo. Faida ni kwamba mlango umefunguliwa. Kingamwili na seli nyeupe zinazopita kwenye damu haziwezi kufika kwenye jeraha mpaka ukuta ulegee, na seli ya masti ndiyo inayoulegeza, mahali hapo na dakika hiyo. Kwenye vitongoji vya Kibosho au Rombo mtu akipiga yowe usiku, majirani hawaanzi kuulizana kama ni mwizi au ni nyoka. Wanatoka kwanza, panga mkononi. Seli ya masti ndiye mpiga yowe wa mwili. Yowe la kitongoji kimoja huokoa mali. Likipigwa kwenye vitongoji vyote kwa mpigo, maji ya damu huvuja kila upande, presha huporomoka, njia za hewa hubana, na mtu anaweza kufa kwa sababu ya ulinzi wake mwenyewe. Hiyo ndiyo anafilaksia.

Sasa tuje kwenye njia za kuamshwa, na nianze na ile ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la aleji. Hapa anayehusika ni kingamwili aina ya IgE, iliyogunduliwa miaka ya 1960 na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Sweden. IgE ni chache sana kwenye damu na hudumu humo kama siku mbili tu. Lakini ikishakamatwa na kipokezi chake juu ya seli ya masti hukaa kwa wiki kadhaa, na ikiwa imekaa peke yake haifanyi chochote. Unaweza kutembea mjini Moshi toka Majengo mpaka Soweto seli zako zikiwa zimejaa IgE ya sumu ya nyuki na usijue. Kinachoiamsha seli ni kichochezi kimoja kushika IgE mbili au zaidi kwa pamoja na kuvisogeza vipokezi vyake vikakaribiana. Kushika moja tu hakutoshi. Vipokezi vikishakaribiana, vimeng'enya vya ndani vinaanza kupokezana taarifa, kalsiamu inapanda, na vifuko vya histamini, ambavyo seli moja huweza kuwa navyo kati ya 50 na 200, vinajifungulia nje. Yote hayo ni suala la sekunde na dakika.

Nyuki ndiye mwalimu mzuri wa jambo hili, na kwa kuwa Kilimanjaro na Meru hatuna uhaba wa nyuki, nikae naye kidogo.

Mzee anashusha mzinga wa gogo kwenye kihamba chake. Utotoni aliumwa mara nyingi akacheka, miaka mingi ikapita bila kuumwa, mwaka jana akaumwa tena mkono ukavimba hadi kiwiko. Safari hii nyuki mmoja tu anamchoma shingoni, na baada ya dakika chache viganja vinawasha, kichwa kinakuwa chepesi, anataka kutapika. Hiyo ni IgE. Mwili wake ulijifunza ile sumu siku za nyuma, ukajaza IgE yake kwenye seli za masti, ukawa unasubiri. Lakini huyohuyo nyuki anazo njia nyingine za kuingia. Ndani ya sumu yake mna melitini na mna peptidi ndogo ambayo wanakemia wameipa jina kwa kazi yake hiyohiyo ya kuzipasua seli za masti. Vyote viwili huziamsha moja kwa moja, bila IgE na bila kusubiri uzoefu. Ndiyo sababu kila anayeumwa na nyuki huvimba, awe na mzio au asiwe nao. Mkono uliovimba mpaka kiwiko unatisha, lakini si sawa na vipele vya mwili mzima, kifua kubana au kuzimia, na anayewachanganya wagonjwa wa hali hizo mbili atampeleka mmoja wao kusikostahili. Kisha yuko wa tatu: aliyevamiwa na kundi zima akapigwa miiba mia kadhaa. Tatizo la huyu ni kipimo cha sumu chenyewe. Misuli huharibika, chembe nyekundu za damu hupasuka, na figo huzidiwa na taka hizo. Anahitaji kulazwa na kuwekewa maji hata kama hana chembe ya mzio, na piritoni aliyopewa njiani haijamfanyia lolote.

(Kuhusu mwiba: unabaki kwenye ngozi pamoja na kifuko chake, na kifuko kinaendelea kusukuma. Ubishi wa kuukwangua kwa kisu au kuung'oa kwa kucha ni wa bure. Utoe upesi, kwa chochote ulichonacho.)

Jambo moja la kushangaza kuhusu wafugaji wa nyuki: wale wanaoumwa mara nyingi sana kwa mwaka hupata mzio mkali mara chache kuliko wale wanaoumwa mara chache. Mwili ukichomwa tena na tena huanza kutengeneza kingamwili za aina nyingine, IgG4, zinazoiwahi sumu kabla haijafika kwenye IgE, na seli za kutuliza kinga nazo huongezeka. Tiba ya kumzoesha mgonjwa sumu kwa dozi ndogondogo, inayotolewa kwenye nchi zenye uwezo, imejengwa juu ya jambo hilohilo. Haimaanishi kijana wa Machame ajichome kwa makusudi.

Nirudi kwa mzee wetu aliye chini ya mzinga, kwa sababu hapo ndipo mazoea yetu ya piritoni yanapogharimu maisha. Seli ya masti ikiamka haitoi kitu kimoja. Kwanza hutoa vilivyokuwa tayari vimehifadhiwa: histamini, triptasi, heparini, na kiasi cha TNF, protini inayoita seli nyeupe. Dakika zinazofuata hutengeneza vipya kutokana na mafuta ya utando wake: lukotrieni na prostaglandini, na lukotrieni hubana njia za hewa kwa nguvu kuliko histamini yenyewe. Saa zinazofuata hutoa saitokini zinazoita seli nyingine, ndiyo maana pua iliyofunguka mchana huziba tena jioni. Piritoni na setirizini hufunga kipokezi kimoja tu cha histamini. Lukotrieni haziguswi. Presha iliyokwisha kuporomoka hairudishwi. Haidrokotisoni, ambayo kwa imani ya wengi ndiyo "sindano ya aleji", huchukua saa kadhaa kuanza kazi. Adrenalini peke yake ndiyo inayobana mishipa iliyolegea, inayoupa moyo nguvu, inayofungua njia za hewa, na zaidi ya hayo inaifikia seli ya masti yenyewe na kuipunguzia umwagaji. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, yaani nusu mililita ya ile ampuli ya kawaida ya miligramu moja, kwenye msuli wa nje wa paja, na hurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijabadilika. Mtoto hupimiwa kwa uzito, miligramu 0.01 kwa kila kilo. Ni dawa ya bei rahisi na ya zamani.

Muda nao si wa kuchezea. Richard Pumphrey, aliyechambua vifo vya anafilaksia Uingereza, aliona kwamba moyo ulisimama baada ya dakika kama 5 kwa dawa za hospitali, 15 kwa sumu ya wadudu, na 30 kwa chakula. Hizo ni namba za katikati, wengine walikufa mapema zaidi. Hesabu mwenyewe umbali wa toka kijiji cha juu, barabara ya vumbi au utelezi, mpaka penye sindano. Na kuna hili ambalo sijasikia likisemwa kijiweni kwa bodaboda hata mara moja: huyohuyo Pumphrey aliona vifo vilivyotokea pale mgonjwa alipoinuliwa au kukalishwa ghafla. Presha ikishashuka, damu inajaa miguuni. Ukimwinua mtu, moyo unapiga ukiwa mtupu. Sisi mgonjwa wetu tunamsimamisha, tunamkalisha mshikaki kati ya dereva na shemeji, kichwa kinaning'inia, tunakimbia naye. Nia ni njema kabisa, na ndiyo mkao mbaya kuliko yote. Alazwe chali miguu ikiwa juu, labda kama hawezi kupumua akiwa amelala au anatapika. Pikipiki iende kumleta mwenye sindano, au gari litafutwe ambalo atalala.

Njia ya pili ya kuamshwa iko wodini, na hapa madaktari wenyewe wamechelewa kuielewa kwa sababu sayansi yake ni changa. Mwaka 2015 kundi la Benjamin McNeil na Xinzhong Dong wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha kwamba seli za masti zina kipokezi kingine, kwa jina la kitaalamu MRGPRX2, kinachoguswa moja kwa moja na dawa kadhaa: siprofloksasini, baadhi ya dawa za kulegeza misuli kwenye upasuaji, na baadaye vankomaisini na mofini zikaonekana kupita mlango huo. Hapo hakuna IgE. Hakuna haja ya kuwahi kukutana na dawa, kwa hiyo dozi ya kwanza kabisa inaweza kumwasha mtu mwili mzima na kumtoa vipele. Na kinachoamua zaidi ni wingi na kasi. Vankomaisini ndiyo mfano ulio wazi: ukiikimbiza kwenye dripu kwa dakika kumi, mgonjwa atawashwa shingo na kifua na presha inaweza kushuka, gramu moja hiyohiyo ikidondoshwa kwa saa moja au zaidi, mara nyingi hapatokei kitu.

Fikiria sasa muuguzi wa zamu ya usiku mwenye vitanda ishirini. Dripu imefunguliwa kwa kasi, mgonjwa anajikuna, dawa inasimamishwa, na kwenye faili linaandikwa neno moja kwa wino mwekundu: ALEJI. Neno hilo halitafutwa tena. Litamfuata mgonjwa kila hospitali, na siku atakapopata maambukizi yanayohitaji dawa hiyo, atapewa nyingine iliyo dhaifu au ghali. Mlango ulioguswa haukuandikwa, kasi ya dripu haikuandikwa, na kama ilikuwa dozi ya kwanza au ya tano haikuandikwa. Kwa penisilini hali ni mbaya zaidi. Katika nchi ambako watu wenye lebo hiyo wamepimwa ipasavyo, takriban tisa kati ya kumi wanaonekana wanaweza kuitumia bila tatizo. Wengine walipata upele wa virusi utotoni, wengine mzio wao ulififia na miaka. Mjamzito mwenye kaswende hana dawa nyingine inayoaminika kumtibu yeye na mtoto aliye tumboni. Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi anaitegemea sindano yake ya kila mwezi. Kuwanyima hao penisilini kwa ajili ya kipele cha mwaka 1998 ambacho hakuna aliyekichunguza ni uamuzi mzito, na tunaufanya kila siku bila kujua kwamba tumeufanya.

Ya tatu inawatesa watu polepole. Kuna vipele vinavyohama, leo mgongoni kesho mapajani, kila kimoja kinapotea ndani ya siku moja na vingine vinatoka, kwa wiki sita na zaidi. Mgonjwa anaanza kujinyima. Anaacha mayai, anaacha dagaa, nyanya, karanga, anaacha mbege hata kwenye msiba, anabaki na ugali na mchicha, na vipele viko palepale. Kwa wengi wa hao chakula hakihusiki. Mara nyingi mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya IgE yake yenyewe au dhidi ya kipokezi chake, na seli za masti zinaamshwa kutoka ndani. Hawa wanahitaji setirizini au ndugu zake kila siku, wakati mwingine kwa dozi kubwa kuliko ya kwenye boksi, kwa usimamizi wa daktari. Piritoni, kwa jinsi inavyolaza, si ya kumpa dereva wa Hiace kwa miezi mitatu. Na wasimeze diklofenaki ovyo kila wanapoumwa kiuno: dawa za kundi hilo huwachochea baadhi yao, bila IgE tena, kwa kuisukuma kemia ya mwili upande wa lukotrieni.

Baridi nayo huamsha, na mgandamizo, na mtikisiko. Mpagazi anayevimba begani saa kadhaa baada ya kutua mzigo, na kijana anayetoka vipele akinawa maji ya mfereji wa mlimani, ni watu wa kundi hili. Wa pili huyu asijirushe kwenye dimbwi la maporomoko ya Materuni akiwa peke yake, kwa sababu mwili mzima ukipoa kwa mara moja, histamini nayo humwagika mwili mzima, na watu huzimia ndani ya maji.

Yapo pia yanayosingiziwa. Upupu unawasha kuliko karibu kila kitu kilichomo humu, lakini vinywele vyake vina kimeng'enya kinachogusa neva moja kwa moja. Ndiyo maana vidonge vya aleji haviufanyi kitu. Na jakaranda! Kila Oktoba Arusha ikigeuka zambarau, anayepiga chafya anaunyooshea mti kidole. Jakaranda huchavushwa na nyuki, chavua yake haikuumbwa kupeperushwa na upepo. Ningeshuku kwanza nyasi, vumbi la godoro na wadudu wake wadogo wasioonekana, mende, ukungu wa ukutani. Hata vumbi la barabara peke yake huweza kuchokoza neva za pua bila kuiamsha seli hata moja.

Baada ya mashtaka yote hayo, mtu atauliza kwa nini basi tusizifute seli hizi zikaisha. Jibu limekusanywa zaidi kwa panya. Mwaka 1996 makundi mawili yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba panya wasio na seli za masti hufa kwa urahisi wakipata maambukizi ya bakteria tumboni au mapafuni, na kwamba TNF inayotoka kwenye seli hizo ndiyo inayowahi kuita seli nyeupe za neutrofili. Mwaka 2006 maabara ya Stephen Galli huko Stanford ikaonyesha jambo lililogeuza mezani hoja ya sumu: vimeng'enya vya seli ya masti humeng'enya sumu ya baadhi ya nyoka na kuwapa panya nafasi ya kuishi, na walipopewa sumu ya nyuki vilevile waliokuwa na seli hizo walifanya vizuri zaidi. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba hata IgE dhidi ya sumu ya nyuki, ileile tunayoilaani kwa mzee wa kihamba, huwakinga panya wakikutana na kipimo kikubwa cha sumu. Margie Profet wa Marekani alikuwa amependekeza tangu 1991 kwamba mzio ni ulinzi dhidi ya sumu, wengi wakauona kama mzaha.

Minyoo nayo imo. Utumbo wenye seli za masti zilizoamka hutoa ute, hutoa maji, hujikaza na kusukuma. Ni namna ya kumfukuza mdudu ambaye ni mkubwa mno kumezwa na seli nyeupe. Gambia mwaka 1991 ilionekana kwamba wenye IgE nyingi dhidi ya kichocho walikuwa wagumu kuambukizwa upya. Gabon mwaka 2000 ikaonekana upande wa pili wa shilingi: watoto wenye kichocho hawakuitikia sana kipimo cha ngozi cha vijidudu vya vumbi, kwa kuwa mdudu anayetaka kukaa muda mrefu humtuliza mwenyeji wake. Kwa wazazi wa Lower Moshi, kwenye mifereji ya mpunga, hiyo si sababu ya kumnyima mtoto dawa ya minyoo shuleni. Kichocho huharibu ini na huduma hiyo ni ya lazima. Ila inasaidia kuelewa kwa nini mjukuu anayekulia mjini na viatu miguuni ana mafua ya asubuhi ambayo bibi yake wa kijijini hayajui.

Ushahidi huu wa panya una kasoro, na ni haki kuutaja. Wengi wa panya wale wa zamani walikosa seli za masti kwa sababu ya hitilafu ya jeni iliyoharibu na mambo mengine mwilini. Panya wapya waliotengenezwa kwa usafi zaidi wameyakanusha baadhi ya madai ya awali, hasa kuhusu magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe. Na sasa inajaribiwa kingamwili moja ya kutibu vipele sugu, barzolvolimabu, inayozinyima seli za masti kichocheo cha kuishi. Wagonjwa wamepata nafuu kubwa, wengine nywele zikabadilika rangi, na hawajaanguka kwa maambukizi kama panya wa 1996 walivyotabiri. Mimi nasoma hivi: seli za masti ni ulinzi wa zamani, wa sumu na wadudu, na mtu anayeishi kwenye ghorofa la Stockholm anaweza kuzikosa kwa muda asijute. Anayekata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chenye kifutu, na mzinga juu ya kichwa chake, nisingemshauri ajaribu mapema.

Kwa hapa kwetu sihitaji dawa hiyo ya kisasa kuanza. Moshi ina kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1992, kimelea wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na mtu anayehangaika na vipele kwa miezi ana mahali pa kupelekwa kabla hajaacha kula. Hospitali inayoandika ALEJI kwa wino mwekundu iongeze mstari mmoja chini yake: dawa gani, dozi ya ngapi, iliingia kwa kasi gani, dakika ngapi mpaka dalili, na dalili zenyewe ni zipi. Penye maabara inayoweza, damu ya kupima triptasi ichukuliwe ndani ya saa moja au mbili, maana kiwango chake hupanda seli zikimwagika kwa wingi kisha hushuka. Muuzaji dirishani aongeze maswali mawili kabla ya kukata piritoni: imeanza muda gani baada ya nini, na je, unapumua vizuri. Na ampuli za adrenalini zikae kwenye droo ya chumba cha sindano cha kila zahanati ya mlimani, zenye tarehe iliyokaguliwa, kila mhudumu akijua zilipo, badala ya kufungiwa stoo wakati mwenye ufunguo yuko semina.